“Cheeky”, “saucy”, “sassy” au “insolent”: uchague lipi, na Kiswahili chake useme nini?

Miaka kadhaa iliyopita mzazi mmoja aliniletea ripoti ya shule ya mwanawe. Ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza, na nyuma yake umebanwa ukurasa wa tafsiri aliyofanyiwa na mtu mwingine. Mwalimu wa darasa, Mwingereza, alikuwa ameandika: “He can be cheeky, but he is a joy to teach.” Tafsiri ikasema: “Hana adabu, lakini anafundishika.” Mtoto alikuwa keshaadhibiwa. Baba hakuja kuuliza maana. Alikuja nimhakikishie tu kwamba tafsiri iko sawa, kwa sababu kesho yake alikuwa anakwenda kumwomba mwalimu radhi.

Tafsiri haikuwa sawa. Mwalimu alikuwa anamsifu mtoto, tena kwa upendo. Nilipomweleza hivyo, baba alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: “Kama anamsifu, kwa nini asiseme tu kwamba mtoto ni mchangamfu?”

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanaojifunza kutafsiri. “Cheeky” si uchangamfu. Ndani yake kuna kosa la kweli: mtu amevuka mpaka, amemjibu mkubwa, amegusa kisichoguswa. Ila ni kosa ambalo aliyekosewa amelipokea kwa tabasamu. Kiingereza kina maneno mengi ya jamii hii, na ukitaka kuyatofautisha usianze na mdomo wa mkosaji. Anza na uso wa aliyeambiwa.

Jibu moja, hukumu nne

Chukua ofisi. Bosi ametoka kula mchana, amekawia saa mbili nzima. Anaporudi anamkuta karani mpya, msichana mwenye miezi mitatu tu kazini, ametulia mezani. Anamuuliza, “Ile ripoti umemaliza?” Msichana anajibu, “Nimemaliza, bosi. Nimebaki nakusubiri wewe tu.”

Bosi akicheka, jioni atasimulia nyumbani kwamba karani mpya ni “cheeky”. Asipocheka, akahisi amesemwa mbele ya watu, atasema jibu lile lilikuwa “impertinent”. Msichana akiwa amelitoa bila hata kuinua macho kwenye simu yake, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na huyo bosi, hapo linakuwa “insolent”. Na jambo likifika kwenye barua ya onyo, neno litakaloandikwa huenda likawa “insubordinate”, yaani mtu asiyetii walio juu yake kazini. Barua ya onyo haijui utani.

Maneno ya msichana hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni sauti yake kidogo, na moyo wa bosi sana. Ndiyo maana kamusi inayokupa “mfidhuli” kwa kila moja ya maneno haya manne haikudanganyi, lakini pia haikusaidii kuchagua. “Cheeky” ni ufidhuli uliokwisha kusamehewa kabla neno halijatamkwa. Mwingine yeyote kati ya hao watatu bado anadaiwa.

“Cheeky” na “cheek”: mama na mwana wasiofanana

“Cheek” ni shavu. Kufikia katikati ya karne ya 19 Waingereza walikuwa wanalitumia pia kwa maana ya maneno ya ujuvi, na kutoka hapo ikapatikana sifa “cheeky”. Shavu halikuwa peke yake. Mzazi wa Kiingereza akichoshwa na majibu ya mwanawe atamwambia “less of your lip”, yaani punguza huo mdomo wako. Mtu asiyeona haya husemwa ana “brass neck”, shingo ya shaba. Sisi nasi tumeyapeleka mambo haya haya usoni, ila kwenye kiungo kingine: asiye na haya kwetu ni mkavu wa macho, na anayejibujibu “ana mdomo”. Waingereza wanaona mashavu, sisi tunaona macho. Ninalipenda jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba lugha zote mbili zinajua haya hukaa wapi.

Sasa angalia kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sifa “cheeky” ni laini. Nomino “cheek” mara nyingi si laini hata kidogo. Weka sentensi hizi mbili pamoja:

“He’s a bit cheeky.” Huyu kijana mchokozi kidogo, na mimi nampenda hivyo hivyo.

“He had the cheek to ask for more money.” Huyu bwana hakuona haya kuja kuomba pesa nyingine.

Ya pili haina tabasamu. Ni ya mtu uliyemkopesha, hajakulipa, na leo amesimama mlangoni anataka umuongeze. “What a cheek!” nayo ni ya kulalamika kweli: “Macho makavu hivyo!” au “Hivi huyu ana haya kweli?” Mtafsiri anayeona “cheek” akakumbuka “cheeky”, akaandika “utundu”, atakuwa amemgeuza mtu aliyekasirika kuwa mtu anayecheka. Nimekutana na kosa hili katika manukuu ya tamthilia za televisheni mara nyingi mno, na linauma, kwa kuwa hadhira inabaki haielewi kwa nini mhusika anafoka huku maneno yake yanabembeleza.

Uingereza ya leo imelivuta “cheeky” mbali zaidi, hadi kwenye vitu visivyo na mdomo. Mtu anamwambia mwenzake twende tukapate “a cheeky pint”. Bia haiwezi kuwa fidhuli. Anachosema ni kwamba muda huo ni wa kuiba: kazi haijaisha, nyumbani wanangoja, lakini kamoja tu ka haraka hakaui mtu. Kiswahili cha mazungumzo kina chombo kinachofaa kabisa hapa, nacho ni ka- ya udogo. “A cheeky nap” ni kausingizi. Usihangaike kutafuta kivumishi.

Na kuna ile ya barua pepe: “Can I be cheeky and ask for a lift?” Hapa msemaji anajiita hivyo mwenyewe, anajihukumu kabla hajahukumiwa, ili ombi lake lisionekane zito. Nimeona watu wakiliandika “Naomba niwe mtovu wa adabu nikuombe lifti.” Hakuna Mswahili anayeomba lifti hivyo. Sisi tunasema “Usinichoke, naomba lifti.” Hilo “usinichoke” linafanya kazi ile ile: linakiri kwamba ninakusumbua, na linakupa nafasi ya kunisamehe papo hapo.

Tahadhari moja ya kusoma. Ukikuta “tongue in cheek”, achana na yote niliyosema. Huo ni usemi wa mtu anayesema jambo kwa utani huku amekaza uso kama anayesema kweli. Shavu limo, ujuvi haumo.

Neno linaloshuka, halipandi

Mwalimu humwita mwanafunzi “cheeky”. Bibi humwita mjukuu. Mzee wa kiwandani humwita kijana aliyeanza kazi jana. Mjukuu hamwiti bibi yake hivyo, labda kwa kumtania, na hapo utani wenyewe unatokana na kupindua ngazi. Anayelitoa neno hili yuko juu, au anajiona yuko juu, na ndiye mwenye kusamehe.

Kwa hiyo neno tamu mdomoni mwa bibi linaweza kuwa chungu mdomoni mwa bwana wa shamba. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi, “cheeky native” lilikuwa neno la Mzungu kumsema Mwafrika aliyemtazama machoni, aliyeuliza kwa nini, aliyekataa kuitwa “boy”. Hapakuwa na mtoto wala mzaha; palikuwa na mtu mzima aliyedai heshima yake. Ukitafsiri maandishi ya wakati ule ukaandika “mtundu”, umemsaidia bwana yule kumfanya mtu mzima kuwa mtoto. Andika “mjeuri”, au bora zaidi “anayejifanya sawa na Mzungu”, kwa sababu ndicho walichokuwa wanamaanisha.

Kaskazini mwa Australia neno limekwenda njia yake kabisa. Katika Kiingereza cha Waaborijini, “cheeky dog” ni mbwa anayeuma, “cheeky snake” ni nyoka wa sumu, na “cheeky yam” ni kiazi kikuu kichungu chenye sumu ambacho hakiliwi mpaka kitayarishwe kwa uangalifu. Mgeni akiambiwa kwamba mbwa wa pale mlangoni ni “cheeky”, asicheke akanyoosha mkono kumpapasa.

“Saucy”: chumvi iliyohamia chumbani

“Saucy” limetokana na “sauce”, mchuzi wa kukolezea, na mizizi yake ni neno la Kilatini la kitu kilichotiwa chumvi. Mtu “saucy” alikuwa mtu mwenye makali kupita kiasi ulimini. Angalia Kiswahili kilivyokwenda kwingine kwa chumvi ile ile: anayetia chumvi kwetu anakuza habari, si fidhuli. Ukiuona mzizi, usiufuate.

Zamani neno hili lilikuwa karipio la kweli. Mwanzoni mwa tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, maofisa wawili wa Roma wanamsimamisha mshona viatu barabarani na kumuuliza kazi yake. Anajibu kwa kuchezea maneno: anatengeneza “soles” mbovu, na masikio ya Mwingereza hayajui kama ni soli za viatu au roho za watu, maana “souls” hutamkwa hivyo hivyo. Ofisa anawaka na kumwita “thou saucy fellow”. Hasemi kwamba mtu huyu anachekesha. Anasema kwamba fundi wa viatu amethubutu kumchezea mtu wa serikali. Hadhira inacheka, ofisa hacheki, na kwa hesabu niliyoieleza juu, kwa hadhira yule fundi ni “cheeky” na kwa ofisa ni “insolent”. Wakati ule neno moja lilibeba yote.

Leo “saucy” limebaki zaidi na mambo ya mapenzi: utani wa kikubwa, fumbo la chumbani linalosemwa mbele za watu huku msemaji akijifanya hajui amesema nini. Mchoraji Donald McGill, aliyezaliwa 1875 na kufa 1962, alijulikana kwa kadi za posta za ufukweni ambazo Waingereza huziita “saucy postcards”. Zilijaa wanawake wanene waliovaa nguo za kuogelea, waume waliobanwa na wake zao, na sentensi moja chini yenye maana mbili. Mwaka 1954 alishitakiwa mjini Lincoln kwa sheria ya machapisho machafu ya mwaka 1857, akatozwa faini. Picha ambazo mamilioni walizinunua wakicheka, mahakama haikuzicheka. Tena ni uso wa anayepokea ndio ulioamua.

Mchekeshaji Max Miller, aliyekufa 1963, ndiye mfano bora ninaoujua wa mpaka kati ya maneno haya mawili. Waingereza walimwita “The Cheeky Chappie”. Alipanda jukwaani na vitabu viwili, kimoja cheupe chenye vichekesho safi na kingine cha buluu chenye vichekesho vya kikubwa, akawauliza watazamaji wanataka kipi. Walitaka cha buluu. Vichekesho vyenyewe vilikuwa “saucy”. “Cheeky” alikuwa yeye, kwa kule kuwaachia watazamaji wachague kisha akawatazama kana kwamba wamemwaibisha wao.

Kwa hiyo ukichagua: mtoto haitwi “saucy”. Mwanafunzi haitwi “saucy”. Mfanyakazi mwenzako, hasa mwanamke, usimwite hivyo kamwe kazini, hata kwa nia njema, kwa kuwa atasikia kitanda.

“Sassy”: asiyengoja kusamehewa

Neno hili ni “saucy” lile lile lililobadilika matamshi Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Limechukua roho nyingine. Mtu “cheeky” anatupa neno kisha anakuangalia aone kama umecheka. Mtu “sassy” ametupa neno na ameshaondoka. Ana majibu ya mkato, ana mwendo wake, hakubali kupitwa na neno, na kama umekasirika hilo ni lako.

Kwa Kiswahili, “ana majibu” linalifikia vizuri, au “ana mdomo” likisemwa kwa kusifu. “Nyodo” sikushauri. Mwenye nyodo anakudharau, na dharau si sharti la kuwa “sassy”. “Maringo” ni karibu kwa mwendo lakini ni mbali kwa maneno.

Hili ndilo neno ninaloliogopa zaidi kati ya yote. Wasichana wa leo wanaitana “sassy” na kujivunia, limeandikwa kwenye fulana. Wakati huo huo, Marekani mwanamke mweusi akitoa hoja yake kikaoni kwa sauti ile ile ya mwenzake mzungu, yeye anaitwa “sassy” na mwenzake anaitwa jasiri. Hoja yake inageuzwa kituko. Ikiwa unaandika Kiingereza na mtu unayemweleza ni mwanamke mweusi aliyesema kweli yake, andika “outspoken”, au “direct”, au andika tu alichosema. Wanaume huitwa “sassy” mara chache, na hilo peke yake lingetosha kukufanya usite.

Wazito, kwa haraka

“Impudent” limejengwa na Kilatini cha kuona haya, likatanguliziwa kikanusho. Ni “asiye haya” neno kwa neno, na Kiswahili hakijapungukiwa chochote hapo. Lakini nalo limetumika vibaya na walio juu. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Marekani, aliandika mwaka 1845 kwamba mtumwa aliyethubutu kujitetea alipolaumiwa alihesabiwa kuwa na hatia ya “impudence”, na kwamba hilo lilikuwa miongoni mwa makosa makubwa kabisa ambayo mtumwa angeweza kutenda. Kujitetea tu. Kila ninapolikuta neno hili katika maandishi ya zamani huwa nauliza kwanza nani alikuwa ameshika kalamu.

“Impertinent” hapo mwanzo lilimaanisha jambo lisilohusika, na ndipo likawa mtu anayejiingiza yasiyomhusu. Nilifurahi sana nilipogundua kwamba “fidhuli” letu limepita njia hiyo hiyo, maana Kiarabu lilikotoka humsema mtu wa kudadisi na kuingilia yasiyo yake. Basi “impertinent question” ni swali la kifidhuli, na hapa mizani imetulia. “Insolent” ni zito kuliko yote: lina dharau ya wazi, na kwa Kiswahili ni jeuri au usafihi. “Forward” ni kimbelembele. “Flippant” ni anayeleta mzaha penye jambo zito, na kosa lake ni la mahali, si la cheo. “Pert” limechakaa, leo utalikuta zaidi kwenye vitabu vya zamani, au likisifia umbo la mwili, kwa hiyo usilitumie kumsifu mtoto wa mtu.

“Chutzpah” limeingia Kiingereza kutoka Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na kichekesho cha zamani kinalieleza vizuri: mtu amewaua baba na mama yake, kisha anaiomba mahakama imhurumie kwa kuwa ni yatima. Hapo ukavu wa macho umefika mahali ambapo mtu hushindwa kukasirika kwa mshangao. Kiswahili chake ni sentensi nzima, na sioni ubaya wa kuiandika nzima.

Upande wa Kiswahili

Kwa mtoto, “mtundu” ndilo linalokuja kwanza, na si baya. Ila mtundu wetu ni wa mikono kuliko mdomo: anapanda juu ya kabati, anafungua redio aone anayeongea ndani. “Cheeky” ni wa mdomo na macho. Ndiyo sababu huwa naongeza na kusema “mtundu wa maneno”. Kwa mtu mzima “mtundu” siku hizi ni sifa ya ufundi, mtundu wa kompyuta, mtundu wa mashine, basi litapotosha. Kwake “mchokozi” linafaa zaidi, mradi muktadha uonyeshe kwamba ni uchokozi wa utani, kwa sababu mchokozi wa kweli huishia kwenye ngumi.

“Mtukutu” hapana, huyo hatulii, lakini anaweza kuwa bubu. “Machachari” hapana, hiyo ni nguvu na wepesi. “Mjuvi” linakaribia sana kwa maana, ila lina mwiba: hakuna mama anayemkumbatia mwanawe huku akimwita mjuvi. Likitokea, mama huyo ameliazima neno la ukali kwa sauti ya upendo, na hapo tafsiri ni sahihi kabisa. Sauti hiyo lakini haionekani kwenye karatasi.

Wengine hupendekeza “mtani”. Linavutia, kwa kuwa utani nao una ruhusa ya kumsema mtu. Tofauti ni kwamba ruhusa ya utani ipo tangu awali, tena pande zote mbili: nakutania, unanitania. Mtu “cheeky” hana ruhusa. Ameichukua mwenyewe, na wewe umegundua baadaye kwamba hujali.

Mara nyingine kivumishi chochote kitaharibu. “You cheeky monkey!” anasema bibi wa Kiingereza, mjukuu akiwa amemwambia kwamba nywele zake mpya zinafanana na za paka wa jirani. Usilete nyani wala tumbili kwenye Kiswahili, maana itakuwa tusi. Hata kwa Kiingereza wenye busara hawamwambii mtoto mweusi maneno hayo, kwa historia yake chafu. Kiswahili kina jibu lililokamilika, lenye ukali, kicheko na msamaha ndani yake: “Wewe mtoto wewe!” Jina la kosa halimo kabisa, na kila mtu chumbani anajua ni kosa gani.

Nimalizie na mpira, kwa kuwa ndiko vijana wengi wanakolisikia neno hili. Juni 1976, mjini Belgrade, fainali ya Ulaya kati ya Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi ilifika penalti. Antonín Panenka alikwenda kupiga ya mwisho. Alikimbia kama anayekwenda kuuvunja wavu, kisha akaugusa mpira kwa chini, ukapaa polepole katikati ya goli huku kipa Sepp Maier akiwa tayari ameruka pembeni. Chekoslovakia wakawa mabingwa. Watangazaji wa Kiingereza huita penalti ya namna hiyo “cheeky”. Wa Kiswahili mara nyingi husema “penalti ya dharau”.

Nimeyafikiria hayo mawili muda mrefu. “Dharau” inamtazama kipa aliyelala chini. “Cheeky” inamtazama mpigaji, na kumsamehe kwa niaba ya kipa bila kumuuliza. Ukitafsiri maneno ya shabiki wa timu iliyoshinda, mimi ningesema “penalti ya mbwembwe”. Ukitafsiri ya kipa, acha dharau ibaki dharau. Na ikipaa juu ya mwamba, hakuna atakayeiita “cheeky” tena, kwa lugha yoyote. Watasema ni upuuzi. Msamaha ulitegemea wavu.

Yule baba nilimwandikia tafsiri mpya pale pale, chini ya ile ya zamani: “Ni mtundu wa maneno, lakini kumfundisha ni raha.” Akaisoma mara mbili. Akaniomba kalamu, akaikata ile ya juu kwa mstari mmoja ulionyooka, akakunja karatasi na kuitia mfuko wa shati. Kesho yake alikwenda shuleni kama alivyopanga, ila alikwenda na mtoto.